Ukaguzi wa Mdomo na Ukaguzi wa Macho: Komeo la Ndege kama Somo kwa Walimu

Katika vyuo vyetu vya ualimu hakuna jambo linalofundishwa mara nyingi kama hatua za kazi. Mwanachuo hufundishwa hatua za kuandaa somo, hatua za kulianzisha, hatua za kuendesha jaribio la sayansi, na hatua za kutoa huduma ya kwanza. Akifika katika chumba cha mtihani huulizwa azitaje. Akizitaja zote kwa mfuatano wake hupewa alama zote, na sisi wakufunzi hutia sahihi kwamba amehitimu. Katika makala haya tunakusudia kudai kwamba utaratibu huo wa kufundisha na kupima una kasoro kubwa, na kwamba kasoro yenyewe huonekana wazi zaidi mahali ambapo pengine msomaji hakutazamia tumpeleke, yaani kiwanja cha ndege.

Tumechagua ndege kwa sababu moja. Mwalimu anaporuka hatua darasani, hakuna chombo kinachoandika kwamba ameiruka. Ndege kubwa za siku hizi zina vyombo vya kurekodi kila tendo la rubani na kila neno linalosemwa chumbani mwake. Kwa hiyo tunaweza kujua, kwa hesabu wala si kwa kubuni, jinsi mtu aliyefundishwa vizuri anavyoacha kufanya jambo analolijua vizuri.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si wasomaji wote waliopata kukaa karibu na rubani. Ndege ikiwa angani huongozwa na vipande vilivyofungwa kwa bawaba kama milango. Katika ukingo wa nyuma wa kila bawa, kuelekea nchani, kuna kipande kimoja. Hivi viwili huilaza ndege upande. Mkiani kuna kipande cha kulala kinachoinua na kuinamisha pua, na kipande cha kusimama kinachogeuza pua kushoto au kulia kama usukani wa jahazi. Vyote hivyo tutaviita vibao vya kuongozea. Huunganishwa na mikono na miguu ya rubani kwa nyaya na fito, na katika ndege kubwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa katika mabomba.

Ndege ikiegeshwa, upepo huvichezea vibao hivyo. Dharuba ya ghafula, hasa itokayo upande wa nyuma, huvigonga huku na huku mpaka bawaba zikalegea na nyaya zikachakaa. Ndiyo sababu huwekwa komeo. Katika ndege nyingine komeo huwekwa nje, kikawa kibano kinachobana bawa na kibao chake pamoja, na utepe mwekundu ukining'inia. Katika nyingine liko ndani. Ndege ndogo aina ya Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani duniani wameanzia, ina ufito wa chuma unaopenyezwa katika tundu la mhimili wa usukani wa rubani. Ufito huo umeshikamana na kibati chekundu chenye maandishi ya kuonya kwamba uondolewe kabla ya kuwasha injini. Tena kibati hicho hukaa mbele ya swichi ya kuwashia. Msomaji akiweke kibati hicho akilini, maana tutakihitaji.

Basi komeo ni kitu chema. Huilinda ndege usiku kucha. Lakini kitu kile kile kikisahauliwa asubuhi, ndege inaweza kukimbia vizuri kabisa barabarani, injini zikavuma kama kawaida, na rubani asigundue kuwa hana la kuiongozea mpaka afike mahali ambapo kugundua hakumfai tena. Kwa sababu hiyo marubani wana kazi mbili zinazofuatana: kuondoa komeo kabla ya injini kuwashwa, na kuvichezesha vibao vyote mpaka mwisho wa mwendo wake kabla ya kuruka. Kazi ya pili ipo ili iikamate ya kwanza ikiwa imesahauliwa.

Tarehe 30 Oktoba, 1935, katika kiwanja cha Wright Field karibu na Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, jeshi la nchi hiyo lilikuwa likiijaribu ndege mpya ya kampuni ya Boeing iliyoitwa Model 299. Ilikuwa na injini nne, nayo ilikuwa ikishindana na ndege za kampuni nyingine ili jeshi lichague ya kununua. Rubani alikuwa Meja Ployer Hill, ofisa mwenye uzoefu mrefu wa kujaribu ndege za kila namna. Ndege iliondoka ardhini, ikapanda kwa mwinuko uliopita kiasi, ikapoteza mwendo, ikaanguka na kuwaka moto. Meja Hill alifariki dunia, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, alifariki baadaye kwa majeraha yake. Wachunguzi hawakupata ubovu wowote katika mtambo. Komeo halikufunguliwa.

Jeshi liliagiza ndege 133 kutoka kwa Douglas, mshindani wa Boeing. Hata hivyo halikuitupa Model 299 moja kwa moja, bali liliagiza chache, 13, kwa majaribio zaidi. Wapo waliosema kwamba ndege ile ina mambo mengi mno kwa kichwa cha mtu mmoja. Hapo ndipo ilipotafutwa dawa ambayo kila mwalimu angefaa kuitafakari. Haikuonekana kwamba marubani waongezewe miezi ya masomo. Meja Hill hakuhitaji kufundishwa komeo ni nini. Alijua kuliko wengi waliokuwapo pale. Iliandikwa orodha fupi ya mambo ya kukaguliwa kabla ya kuruka, baada ya kuruka na kabla ya kutua, nayo ikawekwa mbele ya rubani aisome. Ndege yenyewe ilikuja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,000 ziliundwa.

Kisa hiki hupendwa sana na watu wanaohubiri faida za orodha, na mara nyingi hukiishia hapo. Laiti mambo yangeishia hapo, nasi tusingekuwa na haja ya kuandika.

Usiku wa tarehe 31 Mei, 2014, miaka karibu 79 baadaye, ndege ya abiria wachache aina ya Gulfstream IV ilikuwa ikiondoka kiwanja cha Hanscom Field, mji wa Bedford, jimbo la Massachusetts. Ilikuwa na marubani wawili wenye uzoefu, waliokuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, mhudumu mmoja na abiria wanne. Orodha ya ukaguzi ilikuwamo. Ilisema komeo la upepo liondolewe kabla ya kuwasha injini; ilisema tena vibao vikaguliwe kabla ya kuruka. Katika mazungumzo yaliyorekodiwa hakuna aliyesikika akiisoma. Ndege ilipokuwa ikienda kasi barabarani ndipo rubani aliposikika akirudia kusema kwamba komeo limefungwa. Walichelewa kuacha kuruka. Ndege ilipita mwisho wa barabara, ikagonga taa za kuongozea, ikatumbukia bondeni na kuungua. Watu wote saba walikufa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa taarifa yake mwaka 2015, na ndani yake mna jambo linalotisha kuliko moto ule. Chombo cha kurekodi kilikuwa kimehifadhi habari za miruko 175 iliyotangulia ya ndege hiyo. Katika asilimia 98 ya miruko hiyo ukaguzi kamili wa vibao haukufanywa. Kwa maneno mengine, usiku ule marubani hawakusahau. Walifanya kama walivyozoea kufanya, na kwa safari nyingi mazoea hayo hayakuwadai chochote, kwa kuwa kila mara komeo lilikuwa limekwisha kuondolewa.

Msomaji asidhani kwamba hao walikuwa watu wawili waovu wa peke yao. Baada ya ajali, chama cha Marekani cha wenye ndege za biashara kilichunguza safari zaidi ya 140,000 za ndege za namna hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Karibu safari 2 katika kila 100 hazikuwa na ukaguzi wa vibao hata kidogo, na nyingine zaidi ya 15 katika kila 100 zilikuwa na ukaguzi wa nusu nusu. Wote hao walikuwa wamefundishwa. Wote wangeulizwa mtihanini wangeandika jibu sahihi.

Tena yapo mambo mawili katika taarifa ile ambayo, tukiwa watu wa vyuo, hatuwezi kuyapita. La kwanza ni kwamba waendeshaji wa ndege hiyo walikuwa wamekwisha kukaguliwa na watu wa nje kwa kipimo cha kimataifa, wakapewa hati ya kufaulu. Vitabu vyao vilikuwa safi. (Mwalimu yeyote aliyewahi kuandika maandalio ya masomo ya wiki tatu kwa usiku mmoja, kwa kuwa kesho mkaguzi anakuja, anaelewa jinsi vitabu vinavyoweza kuwa safi.) La pili ni kwamba waundaji wa ndege walikuwa wamefikiria mapema kwamba mtu anaweza kusahau. Walitengeneza kizuizi ili komeo likiwa limefungwa wenzo wa nguvu za injini usisogee vya kutosha kurusha ndege. Kizuizi hicho hakikufanya kazi kama kilivyokusudiwa. Wenzo ulisogea kupita mpaka. Kwa hiyo palikuwa na milango mitatu, orodha, ukaguzi na kizuizi, na yote mitatu ilikuwa wazi usiku mmoja.

Sasa tuuangalie ukaguzi wenyewe, maana ndani yake mna elimu nzuri kuhusu tofauti ya kutaja na kuona. Mafundisho ya urubani husema kwamba vibao viwe huru na viwe sahihi. Maneno ni mawili, wala si mapambo. Huru maana yake vinasogea mpaka mwisho bila kukwama. Hilo ndilo linalogundua komeo. Sahihi maana yake vinasogea kule vinakotakiwa. Mtu anaweza kukidhi la kwanza kwa mkono peke yake. La pili haliwezekani bila kugeuza shingo na kutazama bawa.

Hapa wakufunzi wa urubani wana mbinu ndogo inayotupendeza sana kwa urahisi wake. Mwanafunzi hushika usukani kwa mikono miwili huku vidole gumba vimesimama. Akiuzungusha kushoto, vidole gumba vitaelekea bawa la kushoto, na kibao cha bawa hilo ndicho kinachopaswa kuinuka. Akizungusha kulia, vitaelekea kulia, na kibao cha kulia kiinuke. Akiuvuta usukani kifuani, kibao cha kulala cha mkiani kiinuke, akiusukuma, kiiname. Mwanafunzi anayejua sababu hahitaji hata kidole: kibao kikiinuka bawa hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kunyanyuka, kwa hiyo linashuka, na ndege hulala upande huo. Lakini kidole kipo kwa ajili ya siku ambayo sababu imelala. Hiyo ni zana ya kufundishia isiyonunuliwa, na inamlazimisha mwanafunzi kutazama nje.

Kwamba neno la pili si pambo, limethibitishwa kwa damu. Tarehe 23 Agosti, 1947, huko Woodford, Uingereza, ndege ya majaribio ya Avro Tudor ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Nyaya za vibao vya mabawa zilikuwa zimeungwa kinyume wakati wa matengenezo: rubani alipotaka kulia, ndege ilikwenda kushoto. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Roy Chadwick, yule yule aliyesanifu ndege ya Lancaster. Vibao vile vilikuwa huru kabisa. Vilikuwa huru upande usio wao. Na mwezi Machi, 2001, huko Frankfurt, Ujerumani, Airbus A320 iliruka huku waya za wenzo wa kapteni zimeungwa kinyume baada ya matengenezo. Ndege ililala upande, ncha ya bawa ikakaribia kugusa ardhi, ikaokolewa na rubani msaidizi ambaye wenzo wake ulikuwa mzima. Ukaguzi ulikuwa umefanywa kabla ya kuruka. Vibao vilionekana kusogea, nayo jicho likaridhika na kusogea.

Turudi nyumbani, yaani darasani. Katika masomo ya sayansi kuna jaribio linalojulikana na kila mwalimu, la kupima wanga katika jani. Jani huchemshwa katika maji. Kisha moto huzimwa. Kisha jani hutiwa katika spiriti ndani ya neli, na neli husimamishwa katika maji yale ya moto ili rangi ya kijani itoke. Kisha jani huoshwa na kutiwa iodini. Hatua ya kuzima moto ndiyo komeo la jaribio hili. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi na kwa mbali, na walio mbele ya meza ni watoto.

Tulipata kumtembelea mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, darasa la sita, shule ambayo hatuna haja ya kuitaja. Alikuwa kijana hodari, sauti yake nzuri, ubao wake umepangika. Hatua ziliandikwa kwa chaki ya rangi, na darasa zima likaziimba pamoja naye. Walipofika hatua ya tatu watoto wote waliitikia kwa nguvu, "Tunazima moto!" Nyuma ya mgongo wa mwalimu jiko la mafuta ya taa lilikuwa likiwaka, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuishika chupa ya spiriti. Nasi tulikuwa tumekwisha kuinuka kitini, msichana mmoja wa dawati la tatu akatutangulia: "Mwalimu, mbona moto bado unawaka?" Mwalimu akajibu bila kugeuka, "Kaa chini, hatua hiyo tumeshaipita." Alikuwa na haki kwa namna yake. Walikuwa wameipita kwa mdomo. Mtoto hakukaa, alinyoosha kidole. Hapo ndipo mwalimu alipogeuka, akauzima moto, akaendelea na somo.

Fomu ya kupimia iliyokuwa mikononi mwetu ilikuwa na mahali pa kutia alama kwa kufuata hatua za somo, kwa matumizi ya ubao, kwa sauti na kwa kushirikisha wanafunzi. Hapakuwa na mahali pa yule msichana. Katika darasa la watoto wengi walioimba, yeye peke yake ndiye aliyekagua, tena alikagua kwa kupingana na mwalimu wake, jambo ambalo mafunzo yetu hayamsaidii mtoto kulifanya wala hayamsaidii mwalimu kulipokea. Katika mazungumzo ya baada ya somo tulimuuliza kijana yule hatua ya tatu ni ipi. Akaitaja mara moja.

Tunajua kwamba baadhi ya wakufunzi wenzetu wakisikia kisa kama hiki watasema: ndiyo madhara ya kukariri, basi tuache hatua na orodha, tufundishe maana, mwenye kuelewa hawezi kukosea. Hatukubaliani nao. Meja Hill alielewa, na marubani wa Bedford walielewa. Maana haizuii kusahau, wala haizuii mazoea. Wengine watasema kinyume chake, kwamba orodha ikikaririwa vizuri zaidi kosa litakwisha. Na hao pia hatukubaliani nao, kwa sababu kitu kinachokaririwa vizuri ndicho kinachoweza kutoka mdomoni bila macho kuwa na habari. Orodha ya rubani haikuandikwa ikaririwe. Iliandikwa isomwe, na katika ndege yenye marubani wawili husomwa na mmoja, mwingine akajibu kwa kile anachokiona wakati huo. Hilo ndilo jambo ambalo sisi walimu tumeliacha tulipoichukua orodha: tumechukua maneno, tukaacha mtu wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwanza kwamba hatua za jaribio zisiitikiwe na darasa zima. Mtoto mmoja asome kutoka kwenye kadi, mwingine aliye mezani ajibu kwa kutaja hali ya kitu, si jina la hatua. Msomaji akisema, "Moto?", jibu liwe, "Umezimwa, nimeweka mkono juu ya utambi, hakuna joto la mwali." Jibu la "ndiyo" lisikubaliwe. Wapo watakaosema kwamba darasa lenye watoto themanini haliruhusu jambo hilo. Sisi tunaona kwamba ndilo linalolihitaji zaidi, tena halihitaji chochote ila kadi moja na watoto wawili, na wengine sabini na wanane wana kazi ya kutazama kama jibu ni la kweli.

Pili, kile kibati chekundu cha Cessna. Aliyekibuni hakutegemea kumbukumbu. Alikiweka mahali ambapo mkono wa rubani hauwezi kuifikia swichi bila kukigusa. Mwalimu naye anaweza kupanga meza yake hivyo. Chupa ya spiriti isiwe karibu na jiko hata kidogo. Ikae kwa mtoto mmoja upande wa pili wa chumba, naye asiitoe mpaka aletewe kibiriti na kile kifuniko cha kuzimia jiko mkononi. Mpango huo hauna gharama, na siku mwalimu amechoka, meza itamkumbusha. Tunasisitiza neno mpango, kwa maana huonekana makomeo ya kubuni, msumari au boliti badala ya ufito wenye kibati, ambayo huzuia usukani vizuri sana na hayaonekani kabisa. Zana ya kubuni ni jambo jema katika shule zetu, mradi yule anayeibuni ajiulize pia itaonekanaje ikisahauliwa.

Tatu, na hapa tunatazamia kupingwa, tunapendekeza kwamba mkufunzi apande kasoro kwa makusudi. Mtu aliyekagua mara mia moja asikute kitu amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba hakuna kitu cha kukuta. Ndivyo miruko ile 175 ilivyowafundisha wale marubani. Wapo wakufunzi wa urubani ambao mara mojamoja huacha kasoro ndogo kwa siri ili mwanafunzi aigundue ndege ikiwa bado imesimama. Mwanachuo wetu naye akikuta siku moja kwamba chupa iliyoandikwa iodini ina maji ya chai, siku nyingine kwamba neli ina ufa, na siku nyingine hakuna kasoro yoyote, atajifunza kutazama kila siku. Tumeambiwa na mwenzetu mmoja kwamba huo ni udanganyifu usiomfaa mwalimu. Tunalichukua neno lake kwa uzito, na ndiyo maana tunaweka masharti: kasoro isiwe ya kuweza kumdhuru mtu, iwekwe mahali ambapo ukaguzi ulioagizwa utaifikia, na wanachuo waambiwe mwanzoni mwa muhula kwamba siku nyingine kasoro zitakuwapo. Kilichotangazwa si udanganyifu.

Liko pia suala la nani anaruhusiwa kusema. Msichana yule aliambiwa akae chini. Katika urubani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, marubani wasaidizi wamekuwa wakifundishwa kumwambia kapteni kosa lake waziwazi, nao makapteni wakifundishwa kusikiliza, kwa kuwa ndege kadhaa zilianguka huku mdogo akiona na mkubwa asiambilike. Katika mila zetu mdogo hamkosoi mkubwa hadharani, na hatupendekezi kwamba adabu itupwe. Tunapendekeza kwamba kukagua kuwe kazi ya mtoto aliyekabidhiwa na mwalimu mwenyewe mwanzoni mwa somo. Mtoto aliyepewa kazi ya kutazama moto akisema "moto unawaka" hamkosoi mwalimu wake. Anamjibu.

Yote hayo hayatadumu iwapo mtihani utabaki kama ulivyo, maana wanachuo wetu ni watu wenye akili, nao husoma kile kinachoulizwa. Madhali swali ni "Taja hatua za jaribio la kupima wanga katika jani," watataja. Tungependa kuona, walau katika mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili, kila mtahiniwa akikuta mezani vifaa vyote vya jaribio vikiwa vimepangwa tayari, pengine kimoja kina kasoro, pengine viwili, pengine hakuna, na karatasi ikimwagiza aandike kabla ya kugusa chochote: umetazama nini, na umeona nini? Alama za sehemu hiyo zisiwe chini ya nusu ya alama zote. Usahihishaji wake utakuwa mgumu kuliko wa hatua zilizotajwa, kwa sababu msahihishaji atalazimika kujua kilichokuwa juu ya kila meza. Kwa hiyo rasimu ya fomu ya msimamizi, ya kuandikia hali ya kila kifaa kabla ya watahiniwa kuingia, tumekwisha kuiandaa, na chuo chochote kinachopenda kuijaribu katika mazoezi ya muhula ujao kinaweza kuiomba kwa wahariri wa jarida hili.